Roboti ya Sukari na Neno Ambalo Programu Yangu Haikulijua

Siku nyingi sijaandika hapa. Kazi zimenisonga, na umeme wa hapa Burumba nao una mambo yake. Lakini wiki jana rafiki yangu mmoja wa Malaba alinitumia video ya roboti ndogo nyeupe, imesimama juu ya meza hospitalini huko Ulaya, inamuuliza mtoto maswali kuhusu ugonjwa wa sukari. Mtoto anacheka, roboti inapunga mikono. Chini yake rafiki yangu aliandika: "Wewe si ndiye fundi wa programu? Hebu tutengenezee hii, watoto wetu wasaidike."

Nilimjibu kwa maneno mawili matatu, lakini jambo lenyewe halitaki majibu ya haraka. Nina mpwa mwenye ugonjwa huo, na nimewahi kumwandikia programu. Programu hiyo ilinifundisha kitu kwa njia ya aibu, na leo nitakieleza. Msimamo wangu nautoa mapema ili usinitafute mwishoni: kwa mtoto wa Burumba, roboti si jibu. Hata hivyo, ndani ya roboti ile kuna kitu tunachokihitaji sana, na tunaweza kukitengeneza kwa simu ya mulika mwizi.

Kwanza tuwape wenzetu haki yao. Roboti ile inaitwa Nao. Ina urefu wa sentimita 58, ina mikono, miguu na macho ya taa, na ilitengenezwa na kampuni ya Aldebaran ya Ufaransa. Kati ya mwaka 2010 na 2014 Umoja wa Ulaya ulifadhili mradi wa utafiti ulioitwa ALIZ-E, uliowakutanisha watoto wenye kisukari na roboti hizo, hasa katika hospitali ya San Raffaele mjini Milan. Mwaka 2015 ukafuata mradi mwingine, PAL, uliofanya kazi Uholanzi na Italia hadi 2019. Marekani nako Hannah Chung na Aaron Horowitz walianzisha kampuni ya Sproutel wakatengeneza Jerry, dubu wa kuchezea mwenye kompyuta ndani yake. Jerry ana kisukari. Mtoto humpima sukari kidoleni, humlisha, humdunga insulini ya mchezo, na akikosea Jerry hujisikia vibaya.

Ukiangalia haraka utasema hawa watu wana pesa za kuchezea. Mimi nasema hapana. Walikuwa wanatafuta jibu la swali zito.

Kisukari kinachowapata watoto wengi si kile cha wazee wetu ambacho mtu huambiwa apunguze chai ya sukari na atembee. Hiki ni kile ambacho kongosho la mtoto huacha kabisa kutengeneza insulini. Bila insulini mtoto hufa. Hadi Januari 1922, wakati kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipodungwa insulini kule Toronto, Kanada, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Tangu hapo umekuwa kazi ya maisha. Unapima sukari, unadunga, unakula kwa kiasi, unapima tena. Kesho unaanza upya.

Sasa piga hesabu. Mtoto akipima mara 4 kwa siku, kwa mwaka ni mara 1,460. Akienda kliniki kila baada ya miezi miwili na kukaa na daktari robo saa, kwa mwaka ni saa moja na nusu. Mwaka una saa 8,760. Saa zote hizo nyingine daktari ni nani? Ni mama yake, na mama akiwa sokoni au ng'ambo Uganda kutafuta riziki, ni mtoto mwenyewe. Watafiti wale walijiuliza: tunaweza kuweka nini kando ya mtoto katika saa zile zote ambazo sisi hatupo? Wakasema, roboti.

Turudi nyumbani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aligunduliwa akiwa na miaka 9. Hapa Busia mtoto akichemka mwili kila mtu husema malaria, na mara nyingi huwa kweli. Yeye alikuwa anakunywa maji bila kutosheka, anakojoa usiku kucha, anakonda. Mahali pa kwanza alipopelekwa alipewa dawa ya malaria. Siku tatu baadaye alifika hospitali kubwa juu ya bodaboda, hajitambui, amebanwa katikati ya dereva na mama yake asianguke. Tulimpata kwa bahati. Ukiwa na mtoto mwenye dalili hizo, tafadhali omba apimwe sukari siku hiyo hiyo. Hata usiposoma mengine yote, hilo lishike.

Alipotoka alipewa insulini, mashine ya kupimia, vijiti vya kupimia ambavyo sisi sote twaviita stripu, na daftari la kuandika vipimo. Miezi minne baadaye nilikuwa kwao jioni moja nikalifungua lile daftari. 6.1. 5.8. 6.3. 6.0. 5.9. Kurasa tatu nzima hivyo hivyo, wino mmoja, mwandiko umelala upande mmoja kana kwamba zote ziliandikwa kwa mkao mmoja. Mimi kazi yangu ni data. Data safi namna hiyo huwa ni ya kupika.

Nilimwita nje nikamuuliza taratibu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Anko, nikiandika ya ukweli wananigombeza."

Na ni kweli. Kliniki walimgombeza kwa sababu walikuwa na foleni ndefu na walimwonea huruma kwa namna yao. Mama yake alimgombeza kwa hofu, maana alikuwa hajasahau ile bodaboda. Mimi mwenyewe nilishawahi kumgombeza kwa soda moja. Kila namba kubwa kwake ilikuwa kesi, na mtoto akichoka na kesi hujifunza kuandika namba ndogo. Tatizo ni kwamba daktari hupanga kipimo cha insulini kwa kuangalia daftari hilo. Daftari la uongo linaweza kumwua mtoto ambaye dawa anayo mkononi.

Hapo ndipo nilipoielewa ile roboti. Nguvu yake haiko kwenye miguu wala macho ya taa. Roboti haikunji uso. Inauliza leo, inauliza kesho, na haichoki. Katika miradi ile ilicheza na watoto mchezo wa maswali na majibu kwa zamu, yaani mtoto naye huiuliza roboti, na roboti hukosa majibu mengine, mtoto akaisahihisha. Kwa mara ya kwanza mtoto si mshitakiwa, ni mwalimu. Jerry yule dubu naye ni hivyo hivyo: mtoto ndiye daktari. Tena angalia jambo hili: katika mradi wa PAL roboti yenyewe ilikaa hospitalini. Nyumbani mtoto alikuwa na picha yake tu kwenye kompyuta kibao. Kwa hiyo hata wenye pesa hawakupeleka mwili wa roboti nyumbani. Walipeleka maswali.

Basi nikasema, maswali hata mimi naweza kuyatuma. Dubu tulimpata kwenye mitumba hapa mjini, bei ya chapati mbili, na dada yangu akamshonea viraka vyekundu mahali pa kudungia: mapajani, tumboni, mikononi. Kijana akampa jina la Mgonjwa, akawa anamdunga kwa bomba lisilo na sindano. Upande wa programu nilichukua simu kuukuu, nikaiunganisha na kompyuta yangu, nikaandika msimbo mfupi. Kila jioni saa moja inatuma ujumbe kwenye simu ya dada yangu, ambayo kijana hukaa nayo: "Habari ya jioni, daktari wa Mgonjwa. Sukari ni ngapi?" Yeye anajibu kwa namba. Programu inashukuru na kuhifadhi. Haisemi imepanda, haisemi umekula nini, wala haisemi lolote kuhusu kiasi cha insulini, maana hiyo ni kazi ya daktari na mimi si daktari. Namba ikiwa chini ya 4 tu ndipo inamwambia anywe kitu chenye sukari mara moja na amwite mtu mzima, na mimi napata ujumbe hapo hapo. Hilo tulikubaliana na muuguzi wake.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Zilikuja namba mbaya za kweli: 13.2, 4.4, 17.9, 9.0. Muuguzi alizifurahia kama zawadi, kwa sababu sasa aliona kwamba usiku wa ugali wa muhogo sukari hupanda kuliko usiku wa mboga na omena, akapanga dawa kufuatana na hilo. Matatizo madogo hayakukosekana. Wenye kukaa mpakani mnajua simu zetu: ukisogea dirishani inashika mtandao wa Uganda, ujumbe unachelewa hadi usiku wa manane au unakatwa pesa za kigeni. Hayo nilitengeneza.

Kisha namba zikaanza kuwa nzuri. 6.2. 6.0. 6.1. Nilijipongeza, hata niliandaa makala ya kujisifu hapa. Bahati nzuri sikuichapisha. Siku ya Jumapili nilipitia kumbukumbu ya mashine yake ya kupimia, ambayo huhifadhi vipimo pamoja na tarehe. Kwa siku 6 haikuwa imepima kitu.

Nilirudi kwenye kompyuta nikafungua kumbukumbu za ujumbe wote ulioingia, hata ule ambao programu iliukataa. Nikakuta haya. Jumatatu jioni kijana aliandika: "stripu zimeisha". Programu yangu ikamjibu: "Jibu si sahihi. Tuma namba." Jumanne akaandika: "sina stripu". Programu ikamjibu: "Jibu si sahihi. Tuma namba." Jumatano akatuma: "6.2". Programu ikamjibu: "Asante sana, daktari!"

Nilikaa pale nikiangalia ule msimbo. Mstari mmoja tu, wa kuhakikisha kwamba kilichoingia ni namba, mstari ambao kila mwanafunzi wa programu hufundishwa kuuandika. Mimi niliyejifanya sigombezi nilikuwa nimemgombeza mtoto kwa kusema kweli, na nikamshukuru kwa uongo. Mama yake hakujua kwamba stripu zimeisha kwa sababu kijana alijua biashara ya mwezi huo ilikuwa imelala, na hakutaka kumwongezea mzigo. Alikuwa amejaribu kumwambia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa programu.

Cha kuniumiza zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo hapa hapa Kenya zamani. Kati ya mwaka 2007 na 2009 watafiti wa mradi wa WelTel walifanya jaribio na watu 538 walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi kila wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Waliokuwa wakitumiwa ujumbe, asilimia 62 walizitumia dawa zao kama inavyotakiwa. Wale wengine ni asilimia 50. Neno moja la mtaani, kwenye simu za kawaida kabisa.

Wao waliacha mlango wa neno "Shida". Mimi niliufunga. Sasa programu yangu inakubali namba, inakubali neno "Shida", na kitu kingine chochote isichokielewa inanitumia mimi bila kumwambia mtoto kwamba amekosea. Mabadiliko yenyewe yalichukua dakika kumi.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Malaba, hoja yangu ni hii. Kitu chochote tutakachoweka kando ya mtoto mwenye kisukari, kiwe roboti, dubu au ujumbe mfupi, kipimwe kwa swali moja: mtoto akikiambia shida, je, kuna binadamu atakayesikia na kufanya kitu? Kama hakuna, hicho ni kinyago tu, hata kikiwa na kompyuta ndani. Roboti inayomkumbusha mtoto apime, na mtoto hana stripu, inamkejeli. Kasha la stripu 50 dukani linaweza kuvuka shilingi 1,000, na kwa hesabu yetu ya mara 4 kwa siku halimalizi wiki mbili. Roboti moja ya Nao iliuzwa kwa maelfu ya dola. Hesabu nyingine fanya mwenyewe.

Utaniambia roboti italetwa kama msaada, hatutainunua. Inawezekana. Mei 2020 Rwanda ilipokea roboti 5 za kusaidia katika vituo vya wagonjwa wa korona, na zilifanya kazi ya maana ya kupunguza kukaribiana kwa wauguzi na wagonjwa. Lakini janga la korona lilikuwa na mwisho wake, kisukari cha mtoto hakina. Mtoto wa miaka 9 leo atahitaji msaada huo akiwa na 19. Na kampuni je? Mwaka 2025 Aldebaran yenyewe ilifilisika, mahakama ya Ufaransa ikaamuru ivunjwe, kisha kampuni ya China ikanunua mali zake. Mwenye roboti ya Nao aliyekuwa akitegemea kampuni ile alijikuta na swali la nani atamtengenezea. Sisi tunaojua maana ya tingatinga la wafadhili kuota nyasi nyuma ya ofisi kwa kukosa kipuri kimoja, somo hilo hatuhitaji kufundishwa mara mbili.

Ndiyo maana napigania programu huria katika mambo ya afya. Mwaka 2013 mhandisi wa Marekani, John Costik, ambaye mwanawe mdogo ana kisukari, alipata njia ya kuvitoa vipimo kutoka kwenye kifaa cha mtoto na kuvipeleka kwenye mtandao ili avione akiwa kazini. Kampuni haikuwa imempa njia hiyo, alijitafutia. Wazazi wengine wakajiunga, ikazaliwa Nightscout, programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha. Haikungoja mradi wala haikufa na mradi.

Halafu kuna teknolojia ambazo hatuziiti teknolojia. Insulini inatakiwa kukaa kwenye jokofu, na nyumba ngapi hapa zina jokofu? Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto halisi la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kisha wakaijaribu insulini maabara katika joto hilo hilo, linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Mwaka 2021 walitangaza kwamba ilibaki na nguvu kwa wiki nne. Dada yangu huweka chupa inayotumika ndani ya chungu kidogo kilichozungukwa na mchanga wenye maji. Kwa familia isiyo na jokofu, habari hiyo imewafaa kuliko roboti mia. Vilevile mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009 na unaofanya kazi Kenya, Uganda na Tanzania, umewapa watoto insulini na vifaa bila malipo. Kazi ya namna hiyo ndiyo msingi. Sisi mafundi wa programu tunakuja juu ya msingi, si badala yake.

Sisemi mwili hauna maana. Mgonjwa, yule dubu wa mitumba, amefanya kazi ambayo ujumbe mfupi usingeifanya. Mtoto mdogo anahitaji kitu cha kushika, hasa usiku. Lakini ona kwamba nacho tulikipata hapa hapa sokoni. Bodaboda ilizaliwa mpakani hapa Busia kwa baiskeli ya kawaida na mto wa kukalia nyuma, na leo neno hilo linajulikana Afrika Mashariki yote. Hatuna sababu ya kuona haya kwa kuanza na kidogo tulicho nacho.

Kwa wenzangu mnaoandika programu, nawaomba matatu. Acheni nafasi ya "Shida" katika kila kitu mnachomwandikia mgonjwa. Hakikisheni nyuma ya neno hilo kuna mtu mwenye simu. Na msimbo wenu uacheni wazi, ili siku mkichoka mwingine aendeleze.

Mpwa wangu sasa ana miaka 12. Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi upande wa Korinda, na saa moja jioni ujumbe ukaingia: "14.7. shida. nimekula chapati 3 na keki." Nilicheka peke yangu. Nilimpigia mama yake, tukafuata maagizo ya muuguzi, kabla ya kulala ikashuka. Ile 14.7 ilinifurahisha kuliko kurasa zote tatu za lile daftari la zamani.

Msimbo wenyewe nitauweka hapa wiki ijayo, umeme ukiniruhusu. Ni mfupi na una makosa. Uchukue, urekebishe, na ukiona mahali pengine ambapo nimemfungia mtoto mlango, niandikie bila kunionea aibu.